Washa za kabari: ipi ununue kabla tangi halijainama

Wiki mbili baada ya kupandisha tangi la lita 2,000 kwenye mnara wa chuma uani kwetu Chumbageni, Tanga, usiku nikasikia mlio kama mtu anakwaruza sufuria. Asubuhi nikapanda na spana. Bolti tano kati ya nane zimepinda shingo, nati zazunguka kwa vidole. Tangi likijaa, maji peke yake ni tani 2, nami hufulia chini yake.

Fundi alitumia aibimu za chakavu, yaani vyuma vyenye umbo la herufi I, zile za zamani ambazo bawa lake (ule ubao wa juu au wa chini) ni nene karibu na kiuno (ule ukuta wa kati) na jembamba ukingoni. Juu ya mteremko ule akaweka washa bapa, kile kipande chenye tundu kinachokaa kati ya bolti na chuma. Washa bapa hapo hugusa upande mmoja tu, na ukikaza, bolti ndiyo inayopinda. Inayotakiwa ni washa ya kabari: nene huku, nyembamba kule.

Kipenyo cha tundu sitakisema, bolti ya M12 (nene milimita 12) yataka washa ya M12. Kinachoniudhi ni umbo la nje, ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia. Washa ya kabari ya DUARA huzunguka pamoja na nati! Unaiweka vizuri, unakaza, nayo yageuka; ikifika nusu mzunguko, mteremko umekuwa mara mbili ya ule uliotaka kuuondoa. Ya mraba hukaa: pembe zake huzuiwa na kiuno cha chuma, na hata kwa macho waona kama imekaa sambamba. Upande mnene uelekee ukingoni, mwembamba kiunoni. Kisha shika kichwa cha bolti upande wenye kabari na ukaze nati upande ulio bapa.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni ya mraba yenye mteremko wa asilimia 14, kiwango cha Kijerumani DIN 435, kwa aibimu za zamani. Mimi ni mpenzi wa Würth, kampuni ya Kijerumani ya bolti na washa, sifichi. Zangu nimeagizia Dar na zimekaa kama zilizaliwa pale. Ya pili ni ya mraba ya asilimia 8, DIN 434, kwa chaneli, vile vyuma vyenye umbo la U. Msizichanganye. Ukiweka ya 8 kwenye aibimu ya 14, asilimia 6 zinabaki, na kanuni za Wamarekani za bolti za chuma zadai kabari mteremko ukizidi 1 kwa 20, yaani asilimia 5. Kupima ni rahisi: weka rula pembe mraba na kiuno, iguse bawa pale karibu na kiuno, kisha hesabu milimita 50 kuelekea ukingoni. Ukipata pengo la milimita 7 ni aibimu, la 4 ni chaneli. Usipopata pengo, una aibimu ya kisasa iitwayo IPE, yenye mabawa yaliyo sawa, rudisha pesa mfukoni.

Zipo pia za jozi, moja kama kikombe na nyingine kama mgongo wa kijiko, zinazojipanga zenyewe. Nzuri kwa mashine, kwa mnara ni anasa. Za duara, la. Za kusagwa na grenda, fundi akinywa chai, la pia.

Chagua zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zenye rangi ya kijivu kilichofifia. Zile zinazong'aa kama bangili, upepo wa bahari yetu huzimaliza mapema.

Sasa muuzaji mmoja wa hapa Tanga, mtaa wa Ngamiani. Aliniuzia za duara kwa shilingi 1,500 moja, akiapa ni za Mjerumani. Niliporudi akaniambia, "Dada yangu, washa ni washa." Ya mraba alikuwa hajawahi kuiona, lakini bei yake aliijua!

Dar nako hawakutaka kunivunjia pakiti. Nilihitaji 8, nikalipia 50 na nauli ya basi juu. Zilizobaki 42 ziko jikoni kwenye kopo la Blue Band. Aliye jirani aje, ila apime bawa kwanza.