Jeli ya unyevu ukeni kwa aliyetibiwa saratani ya matiti: tathmini ya miezi mitatu

Niliinunua jeli hii nikiwa katika mwezi wa nne wa dozi ya letrozoli, kidonge cha saratani ya matiti, upasuaji, dripu na mionzi vikiwa vimekwisha, wakati tendo la ndoa lilikuwa limegeuka kuwa jambo ninalolitafutia visingizio. Jina la kampuni nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa ninachopima ni aina ya bidhaa, yaani jeli isiyo na homoni yenye asidi ya hyaluroniki inayoshika maji, na watengenezaji wake ni wengi.

Letrozoli huzuia mwili kutengeneza estrojeni, homoni ya kike inayoweza kuilisha saratani kama yangu, na estrojeni ikipungua, ngozi ya ukeni huwa nyembamba, kavu na nyepesi kuchubuka. Krimu za estrojeni, ambazo wanawake wengine waliokoma hedhi huandikiwa, mgonjwa wa aina yangu hatakiwi kuzigusa mpaka daktari wake wa saratani aridhie, ndiyo maana huanziwa na jeli kama hii.

Ndani ya boksi mna tyubu moja na mabomba madogo ya plastiki. Bomba huchomekwa kwenye mdomo wa tyubu, jeli huminywa mpaka ifike alama, kisha mtu hujiwekea akiwa amelala chali. Nilitumia mara tatu kwa wiki kabla ya kulala, na kwa kuwa huvuja kidogo kuelekea asubuhi, nilijifunga kanga kuukuu. Wiki mbili za kwanza sikuona lolote, nikakaribia kuitupa. Wiki ya sita nilishuka kwenye daladala pale Posta, nikagundua kwamba nilikuwa nimekaa tangu Mbagala bila kuwashwa wala kubadilisha mkao hata mara moja.

Lawama yangu iko kwenye karatasi ya maelezo, ambayo haitofautishi jeli hii na kilainishi. Hata muuzaji wa duka la dawa, huku akishusha sauti, aliniambia, "Mama, hii unapaka mkitaka kukutana." Sivyo. Jeli huitunza ngozi siku hadi siku, wakutane au wasikutane. Kilainishi hupunguza msuguano wa saa ile tu, na mimi nilihitaji vyote viwili. Katika kuchagua kilainishi, Shirika la Afya Duniani linataka osmolaliti, yaani kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake, isizidi 1200 mOsm/kg, na pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe karibu 4.5, ingawa boksi nyingi nilizozigeuza dukani hazikuandikwa chochote kati ya hivyo. Mafuta ya nazi huharibu kondomu za mpira, jambo zito hasa kwa wanaotumia tamoksifeni, dawa nyingine ya saratani ya matiti, kwani hawatakiwi kushika mimba wakati wa dozi. Na shabu, ambayo somo wangu aliisifu sana kwa kubana, ni ya kukaa nayo mbali kabisa, maana hukausha pale palipokwisha kukauka.

Hamu haimo ndani ya tyubu. Hiyo tuliitafuta kwa mazungumzo, mengine ya aibu, kuhusu mahali palipokuwa na titi na kama paguswe au pasiguswe. Tyubu ya pili imekwisha kufunguliwa, na mume wangu, ambaye mwanzoni aliogopa hata kulalia upande wa kovu, ndiye anayenikumbusha siku za jeli.