Uzoefu wangu: nimechorewa ramani kwa mkaa, chokaa na mnyororo wa mbwa

Naleta mrejesho maana kuna watu waliniambia nimepigwa bei kwenye ramani ya nyumba. Nina kiwanja Moshono, Arusha, mita 20 kwa 25, nilikuwa nataka ramani ya vyumba vitatu ya kawaida tu, zile mtaani unauziwa laki mbili laki tatu na aliyechora hata kiwanja hajakiona. Mshkaji wa kazini akanipeleka kwa chalii mmoja msanifu, ofisi yake chumba kimoja kimejaa maboksi na gundi, kompyuta ipo ila imefunikwa kitambaa. Bei milioni moja na laki mbili. Nikaguna, nikalipa nusu.

Wiki tatu za kwanza sioni ramani yani, anachora kwa mkaa kwenye karatasi za tresing (zile nyepesi zinazoonyesha mchoro wa chini yake), anapanga moja juu ya nyingine mpaka nyumba inakuwa kama moshi.

Jumamosi moja akatuita saiti, akamwaga chokaa chini nyumba nzima kwa saizi yake halisi, kuta milango kila kitu, halafu akamwambia wife, haya shemeji, pika. Wife kabeba sufuria tupu kutoka jikoni kwenda mezani, kazunguka kordo yote, akasema mi humu siishi. Kitanda cha sita kwa sita tukakipima kwa kamba, mlango wa choo cha masta (chumba chetu kikubwa) unakigonga! Na kwenye karatasi vyote vilikuwa vinatosha. Jiko likahamishwa palepale kwa kufuta chokaa na mguu.

Sebule mi nilitaka madirisha makubwa yaangalie barabarani (sifa tu). Akaitoa modeli ya nyumba aliyoitengeneza kwa maboksi, akaiweka juani akatuonyesha, huku kwetu jua la Juni linapita kaskazini, la Desemba kusini, na Juni Julai ndo baridi ya Arusha inang'ata, basi dirisha kubwa tukaligeuzia kaskazini kwenye Meru, mlima tunauona na jua tunaliota.

Matao ya baraza ndo nilicheka. Akaazima mnyororo wa mbwa kwa jirani, akauning'iniza kwenye misumari miwili, akapiga picha akaigeuza juu chini, tao hilo. Anasema Gaudí, msanifu majengo maarufu wa zamani kule Hispania, alikuwa anatafuta maumbo hivyohivyo, kwa kamba na vifuko vya uzito. Mnyororo ukining'inia unavutwa tu, ukiugeuza tao linabanwa tu, na tofali ya kuchoma inavumilia kubanwa, kuvutwa haiwezi.

Sasa lawama. Fundi wangu alipopewa zile karatasi za mkaa akaniuliza bosi hii ni nyumba au mawingu, na kwa ajili ya kibali ilibidi zichorwe upya kwa kompyuta zenye vipimo, karibu mwezi mzima mwingine, na mvua za masika zikatukuta hata msingi hatujachimba. Simu hapokei akiwa anachora, hilo nalo mjue. Kama una haraka nenda kwa wale wa laki mbili.

Msingi umeisha, ukuta umefika kwenye linta. Mnyororo bado uko kwangu, mbwa wa jirani kafungwa kamba.