Duka la dawa za miti Marikiti: mzee anauliza kabla ya kuuza

Duka hili liko nyuma ya Marikiti, soko la Mombasa, karibu na wauza viungo, na halina bango. Ulizia tu kwa mzee wa dawa, utaonyeshwa. Mimi hununua habasoda na majani ya mkunazi, na bei zake hazinishtui.

Juzi nilimtafutia mama sanamaki, majani ya kulainisha choo, maana choo kimemfunga. Mzee hakugusa mtungi. "Mama ana presha? Anameza dawa gani za hospitali?" Nikamtajia vidonge vya kupunguza maji mwilini. Akakataa katakata kuniuzia. "Sanamaki nayo inakamua maji, mwanangu. Zikikutana zitamlegeza. Mrudishe kwa daktari wake kwanza." Biashara ikampita, na uso haukumkunjika hata kidogo. Kuna maduka makubwa ya dawa hapa mjini ambako sijawahi kuulizwa swali kama hilo.

Ndiyo maana naumia nikisikia watu wazima wakimwita mchawi. Kasumba hiyo tumerithishwa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyotungwa na serikali ya mkoloni, ilimtia mganga na mchawi chungu kimoja: ukijidai una nguvu za ajabu za kuwatia watu hofu au kuwadhuru, kifungo hadi miaka 5. Wazee wetu hawakuwachanganya hivyo. Mchawi huloga, mganga hukimbiliwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili, lakini ile ya mkoloni haikufutwa mwaka huo, na midomo yetu bado inaifuata. Hapo Kilifi wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kosa lao ni mvi. Neno hili si la kumrushia mtu anayepima majani kwenye mizani.

Dosari zipo. Chupa za dawa zilizochanganywa tayari hazina tarehe wala orodha ya vilivyomo, na hili alirekebishe upesi, maana mgonjwa akizidiwa daktari atataka kujua alikunywa nini. Ndani kuna joto, na mvuje, ule utomvu wa dawa, unanuka mpaka nguoni.

Nendeni asubuhi. Adhuhuri anafunga kwenda kuswali, na Ijumaa hukawia kurudi. Ukiwa unatumia dawa za hospitali, zibebe na pakiti zake umwonyeshe.