Biblia ya maandishi makubwa niliyomnunulia mama baada ya msiba

Mama yangu ana mtoto wa jicho. Biblia yake ya zamani, ile nyeusi ndogo aliyopewa siku ya kipaimara, amekuwa akiisogeza karibu na pua tangu mwaka juzi. Mdogo wangu alipofariki kwa ajali ya bodaboda, aliacha kuisoma kabisa. Akabaki na kitabu cha neno la kila siku. Sisi Wamoravian tumelelewa nacho. Desturi ilianzia Herrnhut, Ujerumani, na kitabu cha kwanza kilichapwa 1731. Kila asubuhi mstari mmoja. Kabla arobaini haijafika akaniambia, "Mwanangu, mstari mmoja haunitoshi. Nataka kumsoma Ayubu mwenyewe."

Nikapanda gari kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini, nikanunua Biblia ya maandishi makubwa, Union Version, ile tafsiri ya Kiswahili cha zamani, kwa shilingi 45,000. Huu ni mwezi wa nne tunaitumia.

Kwenye maandishi hainiangushi hata kidogo. Herufi ni nene, wino umekolea, na mistari ya mashairi imeachiana nafasi. Mchana mama anakaa barazani, anaweka kidole chini ya mstari, anasoma kwa sauti ya chini bila kuniita. Kwa mtu aliyezoea kusomewa, hilo peke yake linatosha kulipia ile pesa.

Na Ayubu anahitaji kusomwa hivyo, pole pole, sura kwa sura. Msibani kila aliyesimama alitamka "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Hata sisi tuliyachapa kwenye ratiba ya mazishi, chini ya picha ya marehemu. Ni maneno ya Ayubu kweli, lakini yako sura ya kwanza, na kitabu kina sura 42. Fika sura ya tatu tu, mtu yuleyule anailaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo analia, anabishana, anadai Mungu amjibu. Hizo sura za katikati sijawahi kuzisikia zikisomwa kwenye matanga yoyote niliyokaa.

Sura ya saba, mstari wa 11, kidole cha mama kilisimama. "Nitalalamika kwa uchungu wa nafsi yangu." Akaurudia mara tatu. Kisha akasema, "Kumbe imeandikwa." Akalia sana. Siku ya mazishi watu walimwambia mama kwamba mke wa mzee wa kanisa, kama yeye, haombolezi kama wasio na tumaini, naye akajikaza mpaka mwisho.

Marafiki watatu wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walifanya jambo moja jema: waliketi chini pamoja na rafiki yao siku saba, bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, wakamwambia anateseka kwa sababu ya dhambi. Kuna jirani alikuja kumuuliza mama kama hakuna dhambi nyumbani isiyotubiwa, na maneno hayo yalimkaa kifuani wiki nzima. Tulipofika mwisho wa kitabu, Mungu anawakasirikia hao watatu waliojifanya mawakili wake, na kusema Ayubu ndiye aliyenena sawa. Mama alitaka mstari huo usomwe tena, safari hii na mimi, aupate kwa masikio.

Sasa kasoro. Karatasi ni nyembamba, maandishi ya upande wa pili yanapenya, hasa ukisomea taa ya sola. Zipu ya jalada ilikufa mwezi wa pili. Kitabu ni kizito, mzee mwenye mikono dhaifu ataka mto wa kukiwekea mapajani. Halafu kwenye Ayubu hakuna vichwa vya kuonyesha anayezungumza ni nani, mama aliniuliza mara nyingi, "Huyu ni yeye au ni wale?" Kama mzee wako hakuzoea Kiswahili cha zamani, muulizie tafsiri ya Habari Njema, lugha yake ni nyepesi. Mama aliikataa. Sura ya 19, "Mteteaji wangu yu hai", anaijua kwa moyo, na hataki neno libadilishwe.

Tulimaliza Jumapili moja jioni, mvua ikinyesha. Kondoo aliopoteza Ayubu walikuwa 7,000, wamerudi 14,000. Ngamia 3,000, wamekuwa 6,000. Mama akahesabu watoto kwa vidole: wana saba na mabinti watatu waliokufa mwanzoni, wana saba na mabinti watatu mwishoni. "Mifugo imerudishwa mara mbili," akasema, "mbona watoto ni kumi vilevile?" Nilikosa jibu. Akatulia kidogo, akasema, "Labda kwa Mungu wale kumi wa kwanza bado wapo." Akayasoma majina ya wale mabinti, Yemima, Kesia, Keren-hapuki, halafu akalitaja jina la mdogo wangu, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Nimemshonea mfuko wa kitenge mahali pa ile zipu. Sasa yuko kwenye Zaburi.