Sidiria za V (zilizokatwa chini katikati) kwa kifua kikubwa: mitumba ya soko la Kibuye, Kisumu

Chaguo lipo, ila usiamini lebo. Vuta mkanda wa mgongoni kwanza: usiporudi, achana nayo, kwani ndio unaobeba uzito, si kamba za mabegani. Ikikubana vizuri kwenye kulabu za ndani kabisa pekee, imeshaisha hiyo.

Ivae juu ya fulana nyembamba, uiname na kuyaingiza matiti vizuri, usimame. Waya ukikalia titi kwapani, kikombe ni kidogo. Yakimwagika katikati ukiinama, hapo V imekatwa chini mno. Chukua yenye mishono mitatu kwenye kikombe, sponji tupu haishiki. Ukikosa saizi 34F ya Uingereza (namba ni mkanda, herufi ni kikombe), 36E ina ujazo uleule, mkanda tu ndio mrefu zaidi.