Kwa miguu kutoka Ngezi hadi mnara wa Kigomasha

Akija mtu Pemba ana siku moja tu, mimi humwambia ashuke garini mlangoni mwa Msitu wa Ngezi, kisha atembee mpaka Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini magharibi ya kisiwa, penye mnara wa taa ya kuongozea meli. Nimekwenda na mke wangu, mzaliwa wa Mwanza aliyekulia ukingoni mwa Ziwa Victoria. Yeye alifuata maji, mimi nilifuata msitu, na kila mmoja alipata chake.

Utamu wenyewe huanza kabla ya kufika. Kutoka Chake Chake kwenda Konde, mji wa karibu na msitu, njia inapanda na kushuka vilima vya mikarafuu. Tulipita wakati wa mavuno, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembezoni mwa barabara, bibi na wajukuu wamekaa wanachambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo karafuu ni habari ya Pemba. Fungueni madirisha ya gari, msiwashe kiyoyozi.

Mlangoni unalipa kiingilio na kupewa mtu wa kuongoza. Mchukueni, tena msimharakishe. Kijana aliyetuongoza sisi aliijua miti kama watu wa mtaani kwake. Alitusimamisha kwenye mpapindi, mti wa jamii ya minazi, vigogo vyake vyembamba vimeota pamoja kwenye shina moja, kila kigogo kina pete toka chini hadi juu. Kiasili hauoti popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Mimi nimezaliwa Wete na nilikuwa sijawahi kuugusa.

Kisha popo. Popo wa Pemba ni mkubwa, manyoya yake yana rangi ya kutu, mabawa meusi. Tuliwakuta mchana wa joto wamening'inia juu kabisa, wengine wamejifunika, wengine wanajipepea kwa bawa moja taratibu. Waliwahi kuwindwa kwa ajili ya nyama mpaka wakakaribia kumalizika. Leo wapo vijiji, kama Kidike, ambako wanakijiji wenyewe wanawalinda. Nilisimama pale hadi shingo ikauma. Hawa ndio wanaokula matunda na kusambaza mbegu, kwa hiyo anayeupenda msitu huu hana budi kuwapenda na wao.

Ukitoka msituni unapita Makangale. Vaeni nguo za heshima, muamkie wazee. Tuliitikiwa kila nyumba na tukauziwa madafu. Hapo nunueni na maji ya kutosha, maana mbele hatukuona duka. Mchanga wa Vumawimbi ni mweupe na mrefu, pwani karibu yote ilikuwa yetu, ila kwenye mstari wa maji kujaa kulikuwa na chupa za plastiki zilizoletwa na mawimbi, na iliniuma kuziona. Tuliokota tulizoweza kubeba.

Mnara wa Kigomasha ni wa chuma. Mwombeni mlinzi ruhusa, mpeni chochote, mpande. Ngazi ni nyembamba na mwenye kuogopa urefu asijilazimishe. Juu upepo unakupokea, na hapo ndipo unapouona msitu wote uliopita, mgongo wa kijani hadi vilima vya kusini, na magharibi Mkondo wa Pemba. Kina cha mkondo huo kinazidi mita 700, na unaona kwa macho mahali mwamba unapokatika: maji ya kijani kibichi, halafu ghafla buluu nzito. Ilikuwa malelezi, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, bahari imetulia kabisa. Mke wangu akasema laiti isingekuwa harufu ya chumvi, angeapa yuko juu ya majabali ya kwao anaangalia ziwa. Jua lilipoinama, milima ya Usambara ikajitokeza upande wa bara.

Kwangu haya ni matembezi bora Pemba nzima, na nasikitika kuwa watu niliowakuta njiani karibu wote walikuwa wageni wa nje. Walimu wa skuli, waleteni watoto.

Jambo la mwisho ni usafiri. Dereva tuliyemkodi alichoka kusubiri akaondoka, tukarudi Konde usiku juu ya bodaboda. Kubalianeni saa na mahali kabla ya kushuka, na nusu ya pesa mlipe mkirudi.