Mwaka mmoja na nusu nikiruka na waongozaji wa VATSIM: uzoefu wangu kutoka Entebbe

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba uhalisia wa simuleta ya ndege hupimwa kwa picha: namna mawingu yanavyotanda juu ya Ziwa Victoria, namna taa za njia ya kurukia zinavyowaka alfajiri. Nilinunua simuleta ya X-Plane 12 kwa sababu hiyo, na picha zake sina neno nazo. Hata hivyo, tangu nianze kurukia kwenye mtandao wa VATSIM, ambako marubani wa simuleta huongozwa kwa redio na watu halisi, nimeona kwamba hakuna kinachoisogeza ndege ya nyumbani karibu na ndege ya kweli kama sauti ya mtu anayesubiri umjibu.

Mtandao huu ulianzishwa mwaka 2001, hautozi ada, na waongozaji wake ni watu wa kujitolea wanaofunzwa na kupandishwa ngazi, kuanzia kuongoza ndege zilizo ardhini, kisha mnara, kisha anga la karibu na uwanja, na mwisho anga la mbali. Rubani mgeni naye hufanya mtihani kabla ya kuruhusiwa kuruka. Usajili, pamoja na kuweka programu ya xPilot inayounganisha simuleta na mtandao, ulinichukua jioni moja.

Kilichonishangaza ni redio yenyewe. Mfumo wa sauti unaotumika tangu mwaka 2019 hufuata tabia ya redio halisi, kiasi kwamba ukiwa chini sana na mbali na kituo sauti ya mwongozaji hufifia na kuchanganyika na mikwaruzo, na marubani wawili wakibonyeza kitufe kwa wakati mmoja hakuna anayesikika vizuri. Kwa hiyo mtu hujifunza kusikiliza kwanza, kupanga maneno kichwani, na kusema kwa kifupi. Mazungumzo ni ya Kiingereza cha urubani, chenye maneno machache yaliyokwisha kupangwa, na asiyekizoea hatakiwi kuogopa, kwa sababu ukitangulia kusema kwamba wewe ni mgeni mwongozaji hupunguza kasi.

Kabla ya kuwasha injini huwa ninafungua daftari la shule na kuandika kwa penseli mambo matano: ninakokwenda, njia ya kutokea, njia ya safari, kimo cha kwanza, na namba nne za kuweka kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye skrini ya mwongozaji. Mwongozaji huyasoma kwa mfululizo, nami ninatakiwa kuyarudia yote kama yalivyo. Hapo ndipo nilipopata funzo ambalo halijanitoka. Nilikuwa nimeondoka Entebbe kuelekea Nairobi, nimeiacha njia ya kurukia namba 17 yenye mita 3,658, na ziwa limejaa dirishani, nilipoamriwa kupanda hadi kimo cha 130, yaani futi 13,000. Mimi nikajibu 150. Wala sikujua kwamba nimekosea. Mkono wangu ulikwisha kuzungusha kitufe cha kimo. Sauti ikarudi papo hapo, bila hasira na bila kupoteza muda: hapana, 130, rudia. Nikarudia, nikarudisha kitufe, na baada ya dakika chache nikaziona taa za ndege nyingine zikipita juu yangu. Ilikuwa imeagizwa kushuka na kubaki kwenye 140, futi 1,000 tu juu ya kimo changu. Nilielewa kwa nini rubani hulazimika kurudia maagizo. Nilikwisha kulisoma jambo hilo mara nyingi, lakini siku hiyo lilinitoa jasho.

Upungufu upo, na ni haki kuusema. Kwa kuwa waongozaji hujitolea, ziko jioni nyingi ambapo anga la Afrika Mashariki halina mtu, na marubani hubaki kutangaziana nia zao kwenye masafa ya pamoja ya redio, 122.8. Hilo nalo lina manufaa yake, lakini si sawa na kuongozwa, kwa hiyo anayetaka sauti muda wote itambidi avizie siku za matukio maalumu au arukie Ulaya. Vilevile mtu mmoja anaweza kubeba kazi ambayo kwenye uwanja wa kweli hugawanywa kwa watu kadhaa, na rubani huhamishiwa masafa mapya mara chache kuliko inavyostahili. Kwa upande wa vifaa, kinachohitaji fedha ni hedifoni yenye maiki nzuri na betri ya akiba, kwani umeme ukikatika ukiwa unakaribia kutua unatoweka kwenye skrini ya mwongozaji aliyekwisha kukupangia nafasi kati ya ndege mbili. Nisingependa kumfanyia mtu hivyo, hivyo betri niliinunua kabla ya usukani.

Kwa anayetaka kuanza, naona hatua ya kwanza isiwe kuruka. Inaruhusiwa kuingia kama msikilizaji tu, ukachagua uwanja wenye shughuli, ukafuata ndege moja kwa masikio tangu inapoomba kibali hadi inapokabidhiwa kwa mwongozaji anayefuata. Mimi nilikaa hivyo wiki mbili, penseli mkononi, ndipo nikabonyeza kitufe cha kusema.